Kwinoa, mchicha na gugu la shamba la viazi: jibu kwa msomaji wa Njombe

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima mdogo hapa Njombe, nalima viazi mviringo na mahindi. Mdogo wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alituletea pakiti ya kwinoa, zile punje ndogo zinazopikwa kama wali, kutoka supamaketi kwa ajili ya mama, ambaye ana kisukari. Bei yake ilitushtua, na mama amesema ni chungu, haliki. Nimesoma kwamba kwinoa ni ndugu wa mchicha. Ni kweli? Na naweza kuilima huku kwetu nikauza? Halafu kuna gugu linaota kwenye viazi, majani yake machanga yana kama unga mweupe. Jirani anasema hiyo ndiyo kwinoa ya porini na inaliwa. Nisaidie.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na uchungu anaolalamikia mama, maana huo unaweza kwisha leo hii jikoni kabla hatujafika shambani.

Punje ya kwinoa imefunikwa na ganda jembamba lenye saponini, kemikali chungu inayotoa povu ikikutana na maji. Mmea unajikinga nayo dhidi ya ndege na wadudu. Viwandani punje huoshwa au kukobolewa kabla ya kufungwa, lakini mara nyingi saponini kidogo hubaki, na ulimi wa mtu asiyezoea huikamata mara moja. Weka punje kwenye bakuli, mimina maji baridi, fikicha kwa viganja, mwaga, rudia mpaka povu likome. Tumia chujio la matundu madogo, lile la chai linafaa, la sivyo punje zitaondoka na maji. Kisha bandika: kikombe kimoja cha kwinoa kwa vikombe viwili vya maji, moto mdogo, sufuria imefunikwa, kama dakika 15. Epua, iache itulie dakika tano. Imeiva pale kila punje inapokuwa angavu na kuachia kiuzi cheupe kilichojikunja pembeni. Ipike kwa kitunguu, nyanya na karoti kama unavyopika wali wa mboga, mama hataukumbuka uchungu.

Kiuzi hicho kitazame vizuri, kwa sababu ndicho kiini cha mbegu, yaani mmea mchanga wenyewe. Kwenye punje ya mahindi kiini ni kipande kidogo kilichokaa upande mmoja, na ndicho mashine ya kukoboa inachokiondoa ili tupate sembe. Kwenye kwinoa kiini kimeizunguka punje nzima kama pete, na wanga umekaa katikati. Protini na mafuta ya mbegu hukaa zaidi kwenye kiini. Punje yenye kiini kikubwa kiasi hicho kwa kawaida huwa na lishe kuzidi punje yenye kiini kidogo. Sasa chukua mbegu za mchicha, zichemshe, uzitazame kwa lenzi: pete ni ile ile. Kwa hiyo uliyoyasoma ni kweli. Kwinoa na mchicha ni ukoo mmoja, na wala si mimea ya jamii ya nyasi kama mahindi, mpunga, ngano, mtama na ulezi. Ndiyo maana vyote viwili havina gluteni, ile protini ya ngano, na mtu ambaye tumbo lake halivumilii ngano anaweza kuvila bila wasiwasi.

Ukoo huu ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na sehemu yake kubwa imeshaingia jikoni kwako. Mchicha wenyewe una aina nyingi: wa majani mapana, wa rangi ya damu ya mzee, na yule mchicha mwiba anayeota njiani. Kenya wengi wanamwita terere, Uganda ni dodo, ndugu zetu wa mashariki mwa Kongo wanasema lengalenga. Bitiruti ni wa ukoo huo huo. Na zile “spinachi” zenye majani makubwa na shina nene jeupe zinazouzwa kwa fungu sokoni, kimsingi si spinachi, ni bitiruti iliyochaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya majani badala ya mzizi. Spinachi halisi ina majani madogo, haipendi joto, na yenyewe pia ni ya ukoo huu. Hata sukari: sehemu kubwa ya sukari inayotengenezwa Ulaya haitoki kwenye miwa, inatoka kwenye aina ya bitiruti nyeupe.

Ndugu wa karibu zaidi wa kwinoa wako Amerika. Kwinoa yenyewe ilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita kwenye milima ya Andes, maeneo yanayozunguka ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia za leo, mita zaidi ya 3,800 juu ya usawa wa bahari. Huko mahindi yanateseka kwa baridi. Watu wa Andes walichagua mimea inayovumilia umande unaoganda, ukame, na hata udongo wa chumvi kama ule wa kandokando ya jangwa la chumvi la Uyuni. Palipo baridi kuliko hata kwinoa inavyoweza, wanalima ndugu yake mdogo anayeitwa kanyiwa, mmea mfupi wenye punje ndogo za kahawia. Kanyiwa ina saponini kidogo sana, haihitaji kuoshwa kwa taabu. Wanaikaanga, wanaisaga, na unga wake wanaukoroga kwenye maji au maziwa.

Meksiko wana ndugu mwingine, uausontle, ambaye hawamlii punje bali vikonyo vya maua kabla havijakomaa. Wanavichemsha, wanavibana na jibini katikati, wanavichovya kwenye mayai yaliyopigwa na kuvikaanga. Na wakazi wa asili wa mashariki ya Marekani ya leo waliwahi kulima kwinoa yao wenyewe, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mbegu zake kwenye mapango ya Kentucky na Ohio, zenye ganda jembamba kuliko za porini, alama kwamba mkono wa mkulima ulishazichagua. Mahindi yalipoenea, zao lile likaachwa mpaka likapotea kabisa. Leo hakuna shamba hata moja lenye mbegu ile. Mimi habari hiyo hunigusa kila ninapoona aina ya mchicha wa zamani inatoweka kijijini kwa sababu vijana hawaitunzi tena mbegu yake.

Sasa nije kwenye gugu lako. Jirani amekaribia sana ukweli. Gugu lenye majani yaliyopindapinda pembeni, umbo lake kama unyayo wa bata, na vumbi jeupe kwenye majani machanga hasa upande wa chini, kwa kawaida ni la jenasi ile ile ya kwinoa, yaani kundi dogo la ndugu wa karibu ndani ya ukoo. Si kwinoa iliyotoroka shambani, ni ndugu yake aliyesambaa dunia nzima kwa kufuata wakulima. Kaskazini mwa India na Pakistani wanaliita bathua, linauzwa sokoni wakati wa baridi, wanalipika mboga, wanalichanganya kwenye unga wa chapati na kwenye mtindi. Ulaya lililiwa karne nyingi kabla spinachi haijafika huko. Kwa hiyo ndiyo, linaliwa, na ladha yake iko kati ya mchicha na spinachi.

Lakini nakuomba uzingatie mambo mawili. La kwanza, usilichume kwenye shamba la viazi. Viazi vya Njombe vinapigwa dawa ya ukungu mara nyingi msimu wa mvua, na gugu lililosimama katikati ya matuta linapata dozi ile ile bila mtu kuhesabu siku za kusubiri. Chuma pale unapojua hapajapigwa dawa wala hapajamwagiwa mbolea ya chumvichumvi karibuni, maana mimea ya ukoo huu ina tabia ya kulimbikiza kwenye majani naitreti, chumvi ya mbolea isiyofaa kuliwa kwa wingi. La pili, uwe na uhakika na mmea. Mnanaha nao unapenda mashamba yaliyolimwa, na ukiwa mchanga mtu mwenye haraka anaweza kuuchanganya na mboga. Mnanaha ni sumu kali inayovuruga akili na moyo. Majani yake hayana vumbi jeupe na ukiyafikicha yananuka vibaya. Ukiwa na shaka, acha.

Kuna pia ndugu mwenye harufu kali kama ya mafuta ya taa, naye huota kama gugu sehemu nyingi za Afrika. Meksiko wanaweka jani moja mbili kwenye maharage kama kiungo, wanamwita epasote. Zamani mafuta yake yalitumika kutoa minyoo, na yaliua watu, hasa watoto, kwa sababu tofauti kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni ndogo mno. Huyo si wa kupika mboga, na usimpe mtoto kama dawa.

Kuhusu kisukari cha mama. Watu wamekwezwa sana na matangazo, wakadhani kwinoa haina wanga. Gramu 100 za kwinoa kavu zina takribani gramu 64 za wanga, na humo gramu 7 ni nyuzinyuzi. Kilicho kweli ni kwamba inapandisha sukari polepole kuliko ugali wa sembe au wali mweupe, kwa sababu ya zile nyuzinyuzi, protini na mafuta kidogo yaliyomo. Hilo lina faida ikiwa mama atakula kiasi kinachojaa kiganja cha mkono pamoja na mboga na maharage. Akila sahani iliyofurika, faida imeondoka. Wala asipunguze dawa zake kwa sababu ya kwinoa bila kuongea na daktari.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo wanaopigia debe punje za mchicha hawalisemi. Wanga wa punje za mchicha umegawanyika katika chembe ndogo mno, tumbo humeng'enya haraka, na punje zikibisishwa zinaweza kupandisha sukari karibu sawa na mkate mweupe. Kwa mtoto anayekua, kwa mama anayenyonyesha, kwa mgonjwa anayerudisha mwili, hilo si tatizo. Kwa mama yako ni tatizo. Uji mtupu wa mchicha usiwe kifungua kinywa chake. Kwake yeye, kwinoa kidogo, au dona la mahindi kwa kiasi, maharage na majani mengi ya mchicha vitamfaa zaidi.

Majani nayo yana jambo lake. Mchicha, spinachi, majani ya bitiruti, gugu lako la viazi, na majani ya kwinoa yenyewe, ambayo pia yanaliwa yakiwa machanga, yote yana oksaleti. Oksaleti hushika kalsiamu tumboni, na kwa mtu mwenye tabia ya mawe ya figo inamwongezea taabu. Kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza kunaipunguza. Unapoteza vitamini C kiasi, ndiyo, ila kwa mtu anayekula mboga hizi kila siku nadhani ni hesabu nzuri. Kama daktari ameshamwambia mama kwamba figo zake zimeguswa na kisukari, aulize kwanza kuhusu mboga hizi, kwa kuwa zina potasiamu nyingi.

Kulima sasa. Njombe yako ina nafasi nzuri kuliko sehemu nyingi za Tanzania, na nitakueleza kwa nini. Maua ya kwinoa hayapendi joto. Likifika nyuzi 35 wakati wa kuchanua, chavua hufa na masuke hubaki na makapi. Dar, Morogoro mjini, Dodoma ya Oktoba, hapana. Ubaridi wako unafaa. Halafu kuna urefu wa mchana: kwinoa nyingi za Andes huchanua vizuri mchana unapokuwa wa saa 12 hivi, na Njombe, iliyo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, haiachani sana na Titicaca iliyo nyuzi 16. Wakulima wa Ulaya ilibidi watafute mbegu za pwani ya Chile kwa sababu mchana wao mrefu wa kiangazi ulizivuruga zile za milimani. Wewe shida hiyo huna.

Shida yako ni mvua. Mbegu ya kwinoa haina usingizi. Ikikomaa kwenye suke na mvua ikanyesha siku mbili tatu, inachipua pale pale juu ya mmea na mavuno yamekwisha. Pia kuna ubwiri unyoya, ugonjwa wa ukungu unaoacha mabaka ya njano juu ya majani na manyoya ya kijivu chini yake, na ndio adui mkubwa wa kwinoa kote inakolimwa, hasa penye unyevu. Kwa hiyo panga kalenda ili izaliwe na mvua na ikomae na jua. Aina nyingi huchukua miezi minne hadi sita. Ukipanda mwishoni mwa Januari au Februari, mmea utakua na mvua za masika na kukomaa Juni au Julai, kavu na baridi. Chagua sehemu isiyotuamisha maji. Kwinoa changa ikisimama kwenye maji hufa upesi kuliko itakavyokufa kwa ukame.

Mbegu ndiyo kikwazo cha pili. Usipande ile ya supamaketi. Haijulikani ni aina gani, na ile iliyokobolewa mara nyingi kiini chake kimeumia. Kuagiza mbegu nje kunahitaji kibali na ukaguzi wa afya ya mimea, kazi ya TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na mbegu ya kuuzwa kwa wakulima iko chini ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu. Tafadhali usizipitishe kwenye begi la mgeni. Magonjwa mengi ya mazao yetu yaliingia hivyo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, baada ya umoja huo kuutangaza 2013 kuwa mwaka wa kimataifa wa kwinoa, ilisaidia majaribio Kenya, Uganda, Ethiopia, Zambia na nchi nyingine za ukanda huu. Nenda ofisi ya kilimo ya wilaya, au kituo cha utafiti cha TARI Uyole kule Mbeya, uulize nani ana mbegu iliyokwisha kujaribiwa nyanda za juu.

Soko nalo usilikadirie kwa bei uliyoona kwenye rafu. Bei ile imebeba meli, ushuru, kifungashio na faida ya watu wanne watano kati ya mkulima wa Bolivia na mdogo wako. Bei ya dunia ilipanda sana ikafika kilele kati ya 2013 na 2014, kisha Peru na wengine wakaongeza mashamba na ikaporomoka, na wakulima wa Andes waliokuwa wameacha kila kitu kwa ajili ya kwinoa waliumia. Usikodi shamba wala kukopa kwa ajili ya zao hili. Kitalu cha hatua kumi kwa kumi kinatosha mwaka wa kwanza.

Na katika kitalu cha pili kando yake, panda mchicha nafaka, yaani mchicha unaolimwa kwa ajili ya punje. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote niliyokwisha kuandika. Gramu 100 za punje kavu za kwinoa zina protini gramu 14 hivi, za mchicha zinakaribia hapo hapo, wakati mahindi yana kama 9. Madini ya chuma kwenye kwinoa ni miligramu 4.6, kwenye mchicha ni 7.6. Kalsiamu ni 47 kwa 159. Na protini ya mchicha ni tajiri wa laisini, mojawapo ya matofali yanayojenga protini, kile hasa ambacho mahindi yamepungukiwa, huku mahindi yakiwa na lusini nyingi, tofali jingine ambalo mchicha umepungukiwa. Changanya unga kikombe kimoja cha mchicha kwa vitatu vya mahindi, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Watu wa Meksiko ya kale walilijua hilo: kabla ya Wahispania kuingia, punje za mchicha zilikuwa miongoni mwa kodi walizotoza watawala wa Waazteki, pamoja na mahindi na maharage. Kinachonisikitisha ni kwamba hapa kwetu tunang'oa mchicha ukiwa na wiki tatu, tunakula majani, na mbegu tunaziona ni za kupanda tu.

Mchicha pia una injini tofauti. Unatengeneza chakula chake kwa njia ile ile inayotumiwa na mahindi na miwa, inayofanya kazi vizuri kwenye jua kali na maji machache. Kwinoa haina njia hiyo. Kwa hiyo mchicha utakufaa wewe Njombe msimu wa joto, na utamfaa hata shangazi aliyeko Dodoma. Tafuta aina yenye punje nyeupe au za manjano, si nyeusi. Nyeusi zinafaa kwa mbegu ya mboga, ila kwenye uji hubaki kama mchanga mdomoni. Kituo cha utafiti wa mboga kilichoko Duluti, Arusha, pamoja na wenzao wa Tengeru, wamefanya kazi kubwa kwenye mchicha na wametoa aina kama Madiira. Hizo zilikusudiwa zaidi majani, kwa hiyo uliza mahsusi mbegu ya nafaka.

Kuvuna si kugumu. Suke likianza kudondosha punje ukilisugua kiganjani, kata, anika juu ya turubai, piga kwa fimbo, pepeta kwa ungo pale upepo ukiwa mdogo sana, maana gramu moja ina punje zaidi ya 1,000 na upepo wa kawaida utakusombea zote. Usizile mbichi. Zichemshe, au zibisishe: sufuria kavu yenye moto mkali, kijiko kimoja kwa wakati, sekunde kumi na kitu, zitaruka na kuwa nyeupe. Ukitia nyingi kwa mpigo zitaungua kabla hazijapasuka.

Jambo la mwisho kuhusu kitalu cha kwinoa. Ikiwa na wiki mbili haitofautiki na lile gugu lako la viazi, hata mimi nikiwa nimeinama na lenzi mkononi nasita. Usimwage mbegu ovyo. Panda kwa mistari iliyonyooka, sentimita 40 au 50 kati ya mstari na mstari, mbegu ifukiwe sentimita moja tu, uweke kamba ili ujue mstari uko wapi. Kinachoota nje ya kamba kichukulie ni gugu, king'oe mapema. Kinachoota ndani ya mstari kipunguze mpaka ibaki nafasi ya kiganja kati ya mche na mche. Ile utakayoitoa, ya mstarini na ya nje ya mstari, kama haijapigwa dawa na una uhakika si mnanaha wala gugu jingine usilolijua, ioshe, ichemshe, mwaga maji, uiunge kwa karanga.